Somo yangu, yale uliyosema kwenye arobaini

Tanga, Mei

Somo yangu,

Assalaam aleikum. Sisi wazima, mvua inanyesha usiku na mchana, njia ya shuleni haipitiki bila viatu vya mpira, mengine utayapata kwa Bi Mkubwa maana najua hulali bila kumpigia. Poleni tena kwa msiba. Siku ile hatukukaa tukaongea, masufuria yalikuwa mengi na mikono michache, nawe ukaondoka na basi la alfajiri kabla sijakujibu.

Maana jibu ninalo. Ulisema huku unamenya vitunguu, wala hukuinua uso: "Somo, wewe unawafundisha watoto wa watu njaa. Siku hizi kila mwenye simu ni mpiga video." Wote wakacheka, mpaka wifi yako yule ambaye kucheka kwake ni kwa mwandamo wa mwezi. Mimi nikanyamaza, nikasonga ugali. Lakini toka hapo kila Jumatano nikisimama mbele ya klabu yangu ya video pale shuleni, sauti yako hiyo hapo, na harufu ya vitunguu juu.

Nianze kwa kukubali, usije ukasema nabisha kwa mazoea. Bei zimeanguka, kweli. Ulinieleza mwenyewe kwamba kamati ya harusi leo inataka picha, video, droni na kipande cha kuweka Status asubuhi yake, vyote kwa hela ambayo zamani ilikuwa advansi tu. Na kweli wapo wanaokuja klabu kutafuta ustaa. Kuna wa kidato cha kwanza kaniambia anataka kuwa mwongozaji. Nikamwuliza utaongoza nini? "Kila kitu, mwalimu."

Ila unaposema njaa, unadhani ninachowafundisha ni kamera. Kamera wanaijua kabla sijafungua mdomo. Ile mistari inayotembea kwenye picha chini ya taa za darasani, niliwaeleza mara moja kwamba umeme wetu ni wa hezi 50, wakiweka shata ya kamera sekunde 1 kwa 50 itatulia. Siku ya pili walikuwa wanawafundisha wenzao. Kuediti wanaediti kwenye CapCut kwa vidole viwili huku wanapiga soga. Niliwawekea DaVinci Resolve, ile ya bure, kwenye kompyuta za maabara. Kompyuta zikaganda, wakanitazama kwa huruma wakarudi kwenye simu.

Na simu zenyewe unajua sheria zetu: mwanafunzi haruhusiwi kuja nayo shuleni. Kwa hiyo tuna mbili za klabu, zinalala kabatini kwa mwalimu wa taaluma, hazitoki bila daftari. Jina, saa, chaji asilimia ngapi, kioo kina ufa au hakina, memori kadi ipo, sahihi. Wenzangu ofisini wanaona ni usumbufu. Mimi lile daftari nalipenda kuliko kamera. Muhula wa kwanza waliandika "nzuri" kila mahali. Sasa soma: "Kioo kina mkwaruzo mdogo kona ya kulia juu, ulikuwepo kabla yangu." Mtu wa hivyo wewe usingempa ufunguo wa studio yako?

Sasa nikwambie habari ya mama wa vitumbua, yule wa barabara ya kumi na mbili, Ngamiani. Niliwapa kazi: tafuteni mfanyabiashara, mtengenezeeni tangazo, akikataa hamjamaliza. Walienda alfajiri, wakarudi na kitu kizuri, somo, usitanie. Moshi, mwanga unapenya kwenye matundu ya bati, mikono ya mama inageuza vitumbua kwenye chuma, polepole, na kinanda kinalia kwa huzuni. Nikawaambia mpelekeeni mwenyewe.

Mama akatazama hadi mwisho. Kisha akasema: "Hii ni video ya mikono? Nimevaa kanga mpya, nimejipaka wanja, mmeniwekea mikono na moshi! Mteja atanijuaje? Namba yangu iko wapi? Na mbona nageuza polepole hivi, naumwa? Mafuta yalikuwa ya moto, vingeungua!"

Mmoja alilia. Mwingine akaniambia mama haelewi sanaa. Nikamwuliza, wewe unaelewa vitumbua? Wakarudi bila kamera, na daftari. Wakauliza nani ananunua, saa ngapi, anataka nani aongezeke. Kumbe wa asubuhi, bodaboda na wanafunzi, anao wa kutosha, vitumbua vinamalizika kabla ya saa tatu. Anachotaka ni oda: maulidi, hitima, futari za Ramadhani. Hilo halikuwemo kabisa kwenye ile video yao ya moshi. Ikatengenezwa nyingine, ya wima, sekunde thelathini, uso wa mama na wanja wake, ndoo nzima ya vitumbua vya oda, bei, namba. Akatoa elfu ishirini: elfu kumi kabla kamera haijatoka begini na elfu kumi siku ya kupokea, kama walivyoandikiana. Na sahani ya vitumbua juu, ambayo haikuwemo kwenye mkataba.

Hiyo ndiyo hesabu yangu, somo. Hata wasiposhika kamera tena maisha yao yote, wamesimama mbele ya mtu aliyekataa kazi yao, hawakununa, wakauliza anataka nini, wakarudi siku waliyosema watarudi. Mafundi wangapi unawajua wewe wa kufanya hivyo? Yule aliyekushonea nguo za Idi ukazipata mfungo tano?

Mkuu wetu naye ana vituko. Tangu mitaala mipya ianze Januari 2024 na mkondo wa amali uingie sekondari, neno "ujuzi" halimtoki mdomoni, ingawa sisi ni klabu tu, hatumo kwenye mkondo wowote. Mgeni akija, klabu. Mahafali, klabu. Kikao cha wazazi, klabu, na vyote bure. Nikawaambia vijana kila kazi ya bure iandikiwe ankara kamili: kupiga video, kuediti, usafiri, jumla, halafu chini kabisa punguzo asilimia mia. Alipoletewa ya kwanza alicheka mpaka akavua miwani, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Hivi kweli hii ni laki mbili na nusu?" Sasa akitaka video anasema kwanza anataka dakika ngapi na ya kumwonyesha nani. Nikimaliza naye nitahamia kwa mwalimu wa michezo.

Sauti bado inanitesa. Hakuna anayetaka kushika maiki, wote kamera. Na msimu huu ndiyo usiseme, mvua juu ya bati, unaweza kuwa unamhoji mtu ukasikia ngoma. Nikawafundisha popote wanapohoji warekodi sekunde thelathini za ukimya wa mahali pale, za kuziba mapengo wakati wa kukata. Kijana mmoja akaniuliza, kwa adabu zote, "Mwalimu, tukifika nyumbani tukisema tumerekodi ukimya watatuelewa?" Sasa huyo ndiye fundi sauti wangu.

Na usaili. Shemeji yako wa benki alikubali kuja kuwahoji, akavaa tai kabisa. Kabla ya hapo niliwaambia waandike barua za kuomba nafasi ya mafunzo. Ungezisoma ungelia. "Mimi ni kijana wa Kitanzania mwenye uwezo wa kufanya kazi katika mazingira magumu bila kusimamiwa." Wote! Hata yule ambaye bila kusimamiwa hafungi kamba za viatu. Muundo wa barua rasmi wanaujua, anwani mbili, yah, yako mtiifu, tumewafundisha sisi wenyewe darasani. Kilichokosekana ni kazi. Nikawaambia futeni, andikeni kitu kimoja mlichokifanya, kwa nani, kikaishaje. Yule aliyelia kwa mama wa vitumbua aliandika habari ya mama wa vitumbua. Shemeji aliisoma mara mbili.

Wakaniuliza jambo ambalo mpaka leo nalizungusha: mtu wa usaili aamkiwe shikamoo? Na kumtazama mkubwa machoni? Sisi tumelelewa kutazama chini ukiongea na mtu mzima, ndiyo heshima. Shemeji anasema mezani kwao anayetazama chini anaonekana ana woga au anaficha neno. Nikawaambia mwamkie, kisha inua uso, mtazame anapouliza na unapojibu. Nusu wakawa wanamkodolea macho maskini mpaka akaniuliza kama ana kitu usoni. Ninyi huko ofisini mnafanyaje?

Haya, sasa nifike nilikokuwa naenda toka mwanzo.

Unamkumbuka yule binti mwembamba aliyekuwa anagawa chai kwenye arobaini, mwenye baibui ya mikono mirefu iliyomzidi? Yuko kidato cha tatu, ni wangu. Ile video ya pili ya vitumbua aliikata yeye. Inaanza giza, unasikia unga ukiingia kwenye mafuta, chwaa, halafu nusu sekunde baadaye ndipo picha inakuja. Hakufundishwa na mtu. Nilipomwuliza akasema, "Kwetu nikiamka, nasikia kwanza ndipo naona." Nikatoka nje kidogo.

Anataka Bagamoyo, TaSUBa, kile chuo cha sanaa. Babaye anataka awe muuguzi, na likizo ya Juni anataka akae nyumbani, kwa sababu neno "video" kwake ni Bongo Movie na usiku. Simlaumu sana. Hapa mjini kuna mwenye studio alimtaka, tena kwa kazi za harusi. Akamwambia malipo ni "uzoefu". Nikamwambia bwana huyu ni mtoto. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, lakini kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi hairuhusu, na harusi zetu unazijua, saa mbili usiku bibi harusi bado yuko saluni. Akanijibu kwamba hivyo ndivyo wote walivyoanza. Hapo ndipo ile kauli yako ya njaa iliponichoma kweli, maana sikuweza kusema wewe ni mwongo.

Lakini wewe chumba chako cha kuediti ni cha mchana. Mwenyewe ni mwanamke, una mlango, una swala zako, una kichujio cha chai. Naomba umpokee wiki mbili za likizo. Atalala kwa mama yake mdogo Mbagala, nauli tutachanga hapa ofisini, chakula chake hakizidi cha kuku. Usimfundishe programu, atajifunza kwa kukutazama. Mweke karibu wakati mteja anapiga simu amekasirika. Mwache asikie unavyoongea na kamati zile. Akikosea mwambie amekosea, hatavunjika, ameshakutana na mama wa vitumbua.

Babaye kasema atakubali akiongea na mwenye kazi mwenyewe, mwanamke, kwa sauti, siyo meseji. Kwa hiyo somo yangu, utampigia? Utamwambia mchana mnafunga saa ngapi? Una mtu mwingine hapo ofisini wa kiume, na kama yupo ni wa namna gani, maana nitaulizwa mimi? Utampa hata nauli ya daladala ya kila siku, iandikwe kwenye karatasi, aione? Na yule mteja wako wa matangazo ya sabuni bado yupo au mligombana tena? Goti la mama mkwe je? Na kile kimaiki chako cha zamani cha kubana kwenye kola, chenye waya uliotafunwa na paka, bado unacho au umekitupa?

Nisalimie watoto, mmoja mmoja.

Somo wako

N.B. Namba ya babaye nakutumia kwa simu. Mchana yuko shambani Muheza na mtandao unasumbua. Mpigie baada ya isha, na ukianza na salamu usiharakishe, muulize kwanza habari za machungwa.