Mama akileta kipande cha tegu, kipimwe hicho chenyewe

Bwana Mhariri,

Nakuandikia kutoka Katuba, hapa Lubumbashi. Nilifanya kazi ya laboratwari miaka mingi kabla ya kustaafu, na jambo ninalolileta kwako limetokea ndani ya lupango yangu mwenyewe, yaani uani kwangu, kwa mjukuu wangu wa kike wa miezi 14.

Binti yangu alikuwa akiona vitu vyeupe kwenye nepi ya mtoto, vidogo kama punje za wali. Vingine vilikuwa vikijikunja na kujinyoosha. Akaenda kituo cha afya. Wakamuuliza kama mtoto anajikuna usiku, akajibu ndiyo, kidogo. Wakamwambia hizo ni nyoka za tumbo, wakampa mebendazoli. Baada ya wiki mbili vitu vile vikarudi, akapewa albendazoli. Vikarudi tena. Safari ya tatu choo kikapimwa, jibu likatoka kwamba hakuna kitu, na muuguzi akamwambia labda ni mabaki ya chakula. Jioni ile binti yangu alilia. Mama anayemsafisha mtoto kila siku anaujua wali, na wali hautembei.

Mimi nilikuwa Likasi kwa ndugu yangu mgonjwa. Niliporudi na kusikia habari hizo, nilimwomba kitu kimoja: ukiviona tena, usivitupe. Tia kwenye chupa safi yenye maji ya chumvi, uniletee siku hiyo hiyo. Siku ya tatu akaniletea vipande viwili. Kimoja kilikuwa na urefu wa karibu sentimita moja, umbo lake kama mbegu ya tango.

Nikakipeleka kwa kijana mmoja niliyemfundisha kazi zamani. Tukakiweka kati ya vioo viwili na tone la maji, tukabonyeza polepole, tukaangalia kwa hadubini. Kando ya kipande, kulia na kushoto, kulikuwa na tundu; na ndani, vifuko vilivyojaa mayai yaliyobanana. Kazi yote haikufika robo saa. Alikuwa tegu wa mbwa, mnyoo bapa wa tumboni ambaye mwili wake ni vipande vipande, anayeitwa kwa jina la kitaalamu Dipylidium caninum.

Bibi yake mtoto aliuliza swali ambalo kila mtu angeuliza: mtoto huyu hajaonja hata nyama, tegu ametoka wapi? Amemtoa kwa kiroboto. Mbwa hutoa vipande vya tegu pamoja na kinyesi chake, mayai humwagika kwenye udongo na kwenye mkeka, funza wa kiroboto huyala. Kiroboto akishakomaa hubeba mtoto wa tegu tumboni mwake. Mbwa akijiuma manyoya humeza kiroboto huyo, na mtoto anayetambaa chini, anayemkumbatia mbwa kisha akatia vidole mdomoni, naye humeza. Wiki tatu au nne zikipita, tegu ameanza kutoa vipande. Ndiyo maana wagonjwa wake wengi ni watoto wadogo, hata wale ambao bado wananyonya. Na sisi wa Katuba tunafuga mbwa kwa sababu ya wezi wa usiku. Karibu kila lupango ina mmoja, na watoto wanacheza hapo hapo alipolala.

Siwalaumu wauguzi. Tegu huyu ni wa nadra kwa binadamu, na wengi wao hawajawahi kumwona. Lakini kuna mambo mawili ambayo yangepaswa kufundishwa tena katika kila kituo.

La kwanza ni kwamba choo kisichoonyesha mayai hakithibitishi kwamba tegu huyu hayupo. Mayai yake hubaki yamefungwa ndani ya kipande, na kipande hutoka kizima. Laboranti akichota choo kidogo mahali ambapo hakuna kipande, ataandika kwamba hakuna kitu, na atakuwa ameandika kweli aliyoiona. Dalili iko kwenye nepi, mkononi mwa mama, na yeye ndiye anayerudishwa nyumbani.

La pili ni dawa. Mebendazoli na albendazoli ni dawa nzuri kwa askarisi, kwa safura, kwa vile vinyoo vyembamba vinavyowasha usiku. Sina ugomvi nazo. Tegu wa mbwa hazimtoi. Dawa yake ni prazikwanteli, miligramu 5 hadi 10 kwa kila kilo ya uzito, mara moja tu. Mjukuu wangu ana kilo 9, na kidonge cha kawaida, kile kile kinachogawiwa shuleni kwa ajili ya kichocho, kina miligramu 600. Kwa hiyo alihitaji chini ya sehemu moja ya sita ya kidonge. Hapo mzazi asijaribu kukata mwenyewe. Munganga, yaani daktari, ampime mtoto, apige hesabu, dawa isagwe mbele yake.

Tena kuna sababu nyingine ya kumtambua tegu kwa jina, na hii ndiyo inayoninyima usingizi. Wako wa aina nyingi. Yule mdogo anayeenea kwa watoto wenyewe kwa wenyewe, Hymenolepis nana, anataka miligramu 25 kwa kilo; ukimpa kipimo cha tegu wa mbwa humwondoi. Yupo wa panya wa Afrika, Inermicapsifer, ambaye naye ana vifuko vya mayai, ila tundu zake zote ziko upande mmoja. Na yupo wa nguruwe. Mayai ya huyo wa nguruwe yakiingia mdomoni yanaweza kwenda kukaa kwenye ubongo, kufanya uvimbe na kuleta kifafa, na ukimpa prazikwanteli mtu mwenye uvimbe huo kichwani bila kujua, unaweza kumletea degedege. Kusema tu kwamba mtoto ana nyoka za tumbo hakutoshi.

Ninachoomba ni kidogo. Kituo cha afya kinachomsikia mama akisema ameona kitu kinachotembea kimpe chupa na kumwambia arudi nacho. Kitu hicho kisikaushwe kwenye karatasi, maana kikikauka hakisomeki vizuri. Laboranti akiangalie chenyewe kati ya vioo viwili. Asipokijua, akitie kwenye alkoholi na kukituma kwenye hospitali kubwa. Hadubini tunazo na vioo tunavyo. Hakuna mashine mpya ninayodai.

Mjukuu alimeza dawa yake, na mpaka leo hatujaona kitu tena. Mbwa naye amepewa prazikwanteli na daktari wa mifugo, akaogeshwa dawa ya viroboto, na mkeka wake tumeuchoma. Wengi humpa mbwa dawa ya minyoo wakawaacha viroboto, naye baada ya wiki tatu huwa amemrudisha tegu nyumbani. Kwa jirani yangu kuna mbwa wawili na mtoto aliyeanza kutambaa mwezi uliopita. Jumapili nitakwenda kuzungumza nao.

Laboranti mstaafu,
Katuba, Lubumbashi