Nyumba inakarabatiwa, jiko linaachwa

Ndugu Mhariri,

Malipo ya mnada wa korosho yakishaingia, huku Newala hukawii kuona malori ya bati na saruji. Makuti yanaezuliwa, kuta zinapigwa plasta, sebule inawekwa malumalu. Nafurahi kuona watu wanajenga. Kinachoniuma ni jiko: linabaki banda lilelile la uani, na mama yuleyule ameinamia mafiga huku moshi ukimliza.

Fundi anapatana na baba barazani, wakati anayeshinda na nyumba hiyo kutwa yuko kwenye foleni ya maji. Hakuna anayemuuliza.

Jirani yangu anamuuguza mama mkwe wake aliyepooza upande mmoja. Nyumba yao inang'aa, ila choo kiko nje, kina ngazi mbili na mlango mwembamba. Kila haja inapombana mgonjwa, mkwe anambeba mgongoni, mtoto mchanga akilia ndani. Mlango mpana, sakafu isiyo na ngazi na kipande cha bomba ukutani cha kushikia, vyote hivyo vingegharimu kiasi gani mbele ya malumalu ya sebule?

Na maji je? Bati la mita 50 za mraba, ikinyesha mvua ya milimita 20, linashusha karibu lita 1,000, yaani ndoo kubwa 50. Lakini bati linapigwa bila mfereji wala tangi, maji yanakula msingi, na kesho yake mama na binti zake wamejitwisha ndoo.

Serikali inataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi. Naunga mkono kwa moyo wote, ila mtungi utakaa wapi? Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama chini. Jiko lisilo na dirisha wala matundu karibu na sakafu ni hatari kwa mpishi na watoto wake.

Naziomba halmashauri za Mtwara na Lindi zitoe michoro ya ukarabati ya bei nafuu, yenye jiko, choo cha kumfaa mgonjwa na tangi la mvua, ibandikwe kwenye maghala ya vyama vya msingi vya ushirika wa wakulima kabla ya minada ya Oktoba. Nanyi akina baba, kabla hamjampa fundi kianzio, mwiteni mama watoto amwonyeshe mwenyewe dirisha la jiko likae wapi.

Mama na mkulima,
Newala, Mtwara