Shukrani kwa kijana wa sweta ya kijani, Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki (CUEA), Lang'ata

Kaka, jina lako sikuuliza, ila shukrani hizi ni zako. Jumamosi nilimleta mama yangu hapo chuoni. Siku nyingi alitamani kuona chuo ambacho Papa Yohane Paulo wa Pili alikuja kukifungua rasmi mwaka 1985. Magoti yanamsumbua, macho nayo yamepungua nuru. Ulituona tumekwama mlangoni pa kikanisa, ukaja bila kuitwa.

Njia ya Msalaba, zile picha za mateso ya Yesu, ina vituo 14. Ulimbebea kiti kituo hadi kituo, vyote, ukimsimulia kila picha: nani amesimama wapi, nani anatazama chini. Kituo cha sita ulimweleza jinsi Veronika, yule aliyempangusa Yesu uso, alivyoshika kitambaa kwa mikono miwili, mama akaguna, "Huyo ndiye mwanamke!" (Simoni wa Kirene, kwa kuwa alilazimishwa kumsaidia Yesu kubeba msalaba, hakupata sifa yoyote kwake.) Akauliza kama ile taa nyekundu ya tabernakulo, kisanduku kinamohifadhiwa Ekaristi, inawaka. Ukamjibu, "Inawaka, mama. Yesu yumo tabernakuloni." Hapo alinyamaza kitambo, na kwa mama hilo si jambo dogo.

Pesa ya chai uliikataa katakata. Basi ukipita Rongai, chapati zipo.