Kitanzi kitolewe mwanamke anapotaka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wako aliyeandika kwamba wanawake wanakikimbia kitanzi, kile kifaa cha kuzuia mimba kinachowekwa ndani ya mji wa mimba, kwa sababu ya uvumi. Uvumi upo, sibishi. Nimeusikia wote: kinapanda hadi moyoni, mtoto anazaliwa amekishika mkononi, kinamchoma mume. Ila mimi ni mkunga mstaafu, vitanzi nimeviweka tangu enzi za kuchemsha vyombo kwenye jiko la mafuta ya taa, na kuna jambo jingine ambalo halisemwi. Mwanamke akienda kukitoa, anazungushwa.

Hivi karibuni alinijia binti wa jirani, anayeuza vitumbua karibu na stendi hapa Korogwe. Aliwekewa kitanzi cha shaba baada ya mtoto wa pili. Hedhi ikawa nzito mno, hata asubuhi wateja wakiwa wamepanga foleni analiacha karai motoni akabadilishe kitambaa. Aliporudi alikowekewa, akaambiwa: “Bado, dada. Hiki ni cha miaka kumi.” Kana kwamba ana mkopo wa benki! Akaniuliza, “Bibi, hivi nikizivuta nyuzi mwenyewe?” Nikamwambia asithubutu.

Miaka kumi ni muda ambao shaba ile inaendelea kufanya kazi. Hakuna palipoandikwa kwamba mwanamke lazima aumalize. Akitaka kitolewe mwaka wa kwanza, au hata wiki ya tatu, kitolewe, awe na sababu ya kusema au asiwe nayo.

Kwa ambao hawajawahi kukiona: ni kiplastiki laini chenye umbo la herufi T, urefu wake kama sentimita tatu na nusu, kimezungushiwa waya mwembamba wa shaba. Kinakaa ndani ya mji wa mimba, na huko hakuna njia ya kwenda moyoni. Shaba inazidhoofisha mbegu za mwanaume zisilifikie yai. Kati ya wanawake 100 wanaokitumia, wanaopata mimba mwaka wa kwanza hawafiki hata mmoja. UKIMWI hakizuii, kwa hiyo kondomu ina kazi yake palepale. Nyuzi mbili hutokeza kwenye mlango wa kizazi, na mume akizihisi, zinapunguzwa, yameisha.

Kukitoa sasa. Mtoa huduma anaweka spekulamu, kile kifaa cha kupanulia uke, anasafisha mlango wa kizazi, anazishika nyuzi kwa koleo na kuvuta polepole bila pupa. Mikono ya ile T inajikunja yenyewe. Kwa kawaida ni dakika chache tu. Nilimsindikiza binti huyo kituo kingine cha afya, na kutafuta kadi yake kulichukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe. Akapewa vidonge vya majira siku ileile, maana kitanzi kikishatoka uwezo wa kushika mimba unarudi mara moja.

Pengine asingefika huko kama angeelezwa kabla hajapanda kitandani. Kitanzi cha shaba huongeza damu na maumivu ya hedhi, hasa miezi mitatu hadi sita ya mwanzo, kisha wengi hutulia. Ibuprofeni siku za hedhi husaidia, na anayetoka damu nyingi apimwe wingi wa damu. Yeye aliambiwa “utazoea”, basi. Wale niliowaeleza mapema waliivumilia ile miezi, na wapo waliokaa nacho mpaka wakanisahau.

Sababu ya kuzungushwa naijua, nimefanya kazi humo. Aliyeweka vitanzi vingi anasifiwa kwenye kikao; aliyetoa hasifiwi na mtu. Wengine walifundishwa kuweka tu, kutoa wanaogopa. Halafu tunashangaa. Mwanamke aliyezungushwa anarudi kwenye kikoba chake na kisa cha kweli kabisa, na wenzake wanaapa hawatakigusa.

Waganga wakuu wa wilaya waangalie hili: anayepelekwa mafunzo ya kuweka arudi anajua na kutoa, na siku ya kliniki awepo. Na mama ambaye nyuzi hazionekani asitishwe kwamba kitanzi kimepotea. Apimwe kwanza kama ana mimba, kisha apelekwe ultrasaundi. Mara nyingi kinakutwa palepale kilipowekwa, nyuzi tu ndizo zimerudi ndani.

Mkunga mstaafu,
Korogwe, Tanga