Cherehani ya mama yako

Mwanangu Neema,

Ulipoinuka na kutoka ukumbini Jumamosi ile, kwenye mkutano wetu wa walevi tunaoacha pombe, sikukufuata kwa sababu nilikuwa sijamaliza kusema. Najua neno hilo linauma likitoka kwa baba. Mama yako amenieleza ulichomwambia kabla hujapanda basi la Dodoma: kwamba nimewaanika mbele za watu.

Ni kweli niliyasema. Nilisimulia jinsi nilivyoitoa cherehani yake nje alfajiri, nikaiuza kwa bei ya kutupa, na kufika saa nne fedha yote imekwisha kwenye gongo. Cherehani iliyokuwa ikikulipia ada! Nikasema ulivyorudishwa nyumbani kutoka shuleni, ukanikuta nimelala barazani.

Yule kijana wa shati la kijani, mstari wa mbele, ulimwona mikono ilivyokuwa ikimtetemeka? Ilikuwa siku yake ya nne bila pombe. Kwanza tulimpeleka hospitali, maana mlevi wa miaka mingi akikatisha ghafla anaweza kupata degedege, hata kufa. Mahubiri ameshayasikia kwa mkewe na kwa mchungaji. Hajawahi kumsikia mtu aliyeuza cherehani. Watu walipotawanyika alinisogelea, akaninong'oneza: "Mimi niliuza mabati ya nyumba." Tulikaa naye hadi saa tatu usiku, na usiku ule mimi pia sikunywa.

Usidhani namfanyia hisani. Hivi vikundi vyetu vya AA (Alcoholics Anonymous), vya walevi wanaosaidiana kuacha pombe, vilianza hivyohivyo, mwaka 1935, katika mji wa Akron, Marekani. Bill Wilson, aliyekuwa dalali wa hisa kutoka New York, alikuwa na miezi mitano tu tangu aache. Biashara iliyompeleka Akron ikaharibika, akabaki peke yake hotelini, vicheko vya baa vikimwita. Akashika simu, akawatafuta viongozi wa dini wamwonyeshe mlevi wa kuzungumza naye. Akakutanishwa na daktari wa upasuaji, Bob Smith, aliyekubali kumpa dakika 15. Walizungumza kwa saa kadhaa. Yule daktari alishachoka kuambiwa aache; safari hii mtu alimsimulia ulevi wake mwenyewe. Aliteleza mara moja baada ya hapo, kisha kuanzia Juni 1935 hakunywa tena hadi alipofariki mwaka 1950. Naye Bill aliondoka Akron bila kurudia pombe.

Mimi niliwahi kujiona nimepona, nikaacha kwenda. Pasaka ile unaikumbuka, sina haja ya kuieleza.

Lakini nimewaza sana ulichosema, na una haki. Cherehani niliiuza mimi, ila aliyerudishwa nyumbani mbele ya wenzake ni wewe. Sehemu hiyo sikupaswa kuitoa bila kukuuliza. Naomba unisamehe, mwanangu. Sitaitaja tena mpaka uniruhusu, na usiponiruhusu itabaki kwako.

Ya cherehani nimemuuliza mama yako. Alinyamaza kitambo, kisha akasema niendelee kuisimulia, ila nisiitaje bei. Bei ndiyo inayomuuma hadi leo.

Kijana wa mabati alipiga simu jioni hii. Yuko siku ya 11.

Baba yako