Bustani mbili tulizolipia bila kuingia: malalamiko kuhusu matembezi ya Kyoto

Dar es Salaam,
7 Julai 2025

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja

YAH: MATEMBEZI YA BUSTANI ZA KIJAPANI MJINI KYOTO, 11 JUNI 2025

Ndugu Meneja,

Nimewaandikia WhatsApp mara tatu tangu tuliporudi. Mara mbili nilijibiwa "samahani kwa usumbufu uliojitokeza". Mara ya tatu mhudumu wenu akaniambia nisikasirike, maana bustani za Kijapani zinafanana na tuliyoikosa haina tofauti kubwa na tulizoziona. Ni jibu hilo la tatu lililonifanya niandike barua hii.

Nililipa Sh 840,000 kwa watu wawili, mimi na mama yangu, kwa bustani nne: Ginkaku-ji, Murin-an, Ryoan-ji na Saiho-ji. Juu yake mkanitoza Sh 120,000 za mwongozaji anayezungumza Kiswahili. Mama ana miaka 68 na hajui Kiingereza. Ameuza miche ya maua Moshi kwa zaidi ya miaka thelathini, na kitu alichokitaka Japani kilikuwa kimoja tu: kuona bustani ya Saiho-ji, ile ya kigoga, ule ujani laini unaoota kwenye mawe na mizizi penye unyevu. Sisi kikiota ukutani tunakikwangua. Alitaka kuwaona watu wanaokitunza. Tulichagua Juni kwa makusudi, kwa sababu ndio msimu wa mvua kule na kigoga huwa katika ubora wake.

Nianze na mwongozaji. Kijana alikuwa mpole na sina ugomvi naye, ila Kiswahili chake kilikuwa kwenye simu. Anazungumza Kiingereza, simu inatafsiri, anatusomea. Bustani ya mawe na changarawe isiyo na bwawa, ambayo Wajapani huiita karesansui, simu iliita "mandhari iliyokauka". Mama akauliza kwa nini basi hawaimwagilii. Kijana hakuelewa swali, akacheka, na mama akadhani anachekwa. Ikabidi nieleze mwenyewe, kwa kile nilichokuwa nimesoma usiku hotelini, kwamba changarawe ndiyo maji, ile mistari ya reki ndiyo mawimbi, na mawe ndiyo milima. Kuanzia hapo hadi jioni mkalimani nilikuwa mimi, kwa kazi niliyokwisha kuilipia.

Ginkaku-ji tuliingia, nakubali. Tulionyeshwa kichuguu kikubwa cha mchanga mweupe na kuambiwa kwamba hekalu liliwahi kupakwa fedha ikabanduka kwa mvua. Halikuwahi kupakwa. Jina "Hekalu la Fedha", ambalo ndiyo maana ya Ginkaku-ji, limekaa tu, jengo ni la mbao tangu enzi za mtawala Ashikaga Yoshimasa, karne ya 15. Hilo ni dogo.

Kutoka pale tulitembea Njia ya Wanafalsafa, kama kilomita mbili kandokando ya mfereji, kwa mwendo wa mtu anayekimbilia daladala ya mwisho. Tangazo lenu linasema "matembezi mepesi yanayofaa rika zote". Niliwajulisha wakati wa kulipa kwamba mama ana matatizo ya magoti, na ofisa wenu akaandika kwenye fomu. Fomu hiyo ninayo.

Murin-an tulionyeshwa ukuta. Nilipouliza mbona hatuingii, kijana akanionyesha ratiba: kwa Ginkaku-ji mmeandika "kutembelea", kwa Murin-an mmeandika "kuona". Basi tukaona ukuta. Ndugu Meneja, bustani ile, kazi ya mtengeneza bustani Ogawa Jihei wa saba mwishoni mwa karne ya 19, imetengenezwa ili ukiwa ndani, nyuma ya miti, milima ya Higashiyama ionekane kama sehemu ya shamba lako mwenyewe. Wajapani wana neno lake, shakkei, yaani mandhari ya kuazima. Maji ya vijito vyake yanatoka Ziwa Biwa kwa mfereji uliochimbwa enzi hizohizo. Ukisimama barabarani huoni mlima ulioazimwa wala kijito, unaona ukuta. Kwa bei ileile mngeweza kutuonyesha ukuta Kariakoo.

Ryoan-ji iko upande wa pili wa mji, kwa hiyo saa nzima ya "matembezi kwa miguu" tuliimaliza ndani ya basi dogo. Tulipofika tukapewa dakika kumi na tano. Kuingia jengo lenye kibaraza cha kutazamia bustani lazima uvue viatu, na mama kuinama afungue kamba, kisha kukaa sakafuni kwa yale magoti, si kazi ya dakika moja. Bustani yenyewe ni ndogo, kama mita 25 kwa 10, changarawe nyeupe na mawe 15 yaliyopangwa hivi kwamba popote utakapokaa kwenye kibaraza, angalau moja linajificha nyuma ya jingine. Watu hukaa, wanahesabu, wanasogea kidogo, wanahesabu tena. Ndiyo shughuli nzima ya pale, hakuna nyingine. Mama alikuwa amefika jiwe la kumi na moja kijana alipopiga makofi kutuita garini.

Haraka yote hiyo, tuliambiwa, ilikuwa ya kuwahi Saiho-ji. Tukawahi. Mlangoni tukaombwa uthibitisho wa nafasi. Hatukuwa nao. Kijana akapiga simu kwenu, saa hizo kwetu ni asubuhi, haikupokelewa. Mzee wa mlangoni aliinamisha kichwa mara nyingi akituomba radhi kwa kosa ambalo halikuwa lake. Saiho-ji haipokei watu wanaojitokeza tu mlangoni tangu mwaka 1977, ni lazima uombe nafasi mapema. Si siri, ni jambo la kwanza linaloandikwa kila mahali hekalu hilo linapotajwa. Ratiba yenu inasema "tiketi hupatikana mlangoni".

Na sasa lile jibu la kwamba zinafanana. Ryoan-ji ni mawe na changarawe, ndani yake huingii, unatazama ukiwa umekaa. Saiho-ji unatembea chini ya miti kuzunguka bwawa, na kigoga cha aina zipatazo 120 kimetanda ardhini. Mtawa Muso Soseki aliitengeneza upya mwaka 1339, na kigoga hakikuwemo hata kwenye mpango wake, kilikuja kujiotea baadaye. Mtu aliyekosa pilau huwezi kumwambia mbona jana ulikunywa chai, vyote vina mdalasini.

Kesho yake tulijipeleka wenyewe hekalu la Tofuku-ji, kituo kimoja tu kwa treni kutoka stesheni kuu ya Kyoto. Kuna ua uliotengenezwa na Mirei Shigemori mwaka 1939, vigae vya mawe ya mraba na kigoga vimepangwa kama ubao wa drafti, na kadiri unavyoenda mbali mawe yanapungua hadi kigoga kinabaki peke yake. Mama alikaa hapo saa nzima. Bwana mmoja alikuwa ameinama akiokota majani makavu, moja moja, kwa mkono. Mama akamwonyesha kwa vidole: huo ujani, hamuufagii? Yule bwana akamwonyesha ufagio mdogo laini. Wakaelewana bila simu. Nauli na kiingilio cha siku hiyo sividai, tulivifurahia.

Ninachodai ni hiki: Sh 420,000 za bustani mbili ambazo hatukuingia, na Sh 120,000 za Kiswahili ambacho hatukukisikia. Jumla Sh 540,000. Kwa Ryoan-ji sidai kitu, tuliingia na tukatoka. Naomba fedha ziingizwe kwenye namba niliyolipia ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita, nitapeleka malalamiko haya panapohusika, pamoja na nakala za risiti, fomu na ratiba nilizoambatanisha hapa.

Juzi, kabla ya kuandika barua hii, nilipita ofisini kwenu. Tangazo la dirishani bado limeandikwa "Saiho-ji: tiketi hupatikana mlangoni", na ndani kulikuwa na mama mmoja na binti yake wanajaza fomu. Niliwaambia waulize kwanza.

Wenu,
Mteja
(jina na namba ya simu vimo kwenye risiti)