Mwanangu, ukifika kituoni ongea kidogo

Mwanangu,

Wifi yako amenipigia usiku, ndipo nikajua kwamba kaka yako yuko mahabusu tangu jana na kwamba wewe ndiye unayekwenda kituoni asubuhi. Kwa nini hakuomba niitwe mimi, hilo tuliache. Kila mtu anajua ni nani atapokea simu bila kufoka. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi.

Usimuulize kama alifanya. Utatamani kumuuliza, maana hujazoea kukaa na swali kifuani. Usimuulize, na akianza kukueleza mwenyewe, mkatize. Mazungumzo yake na wakili yana kinga ya sheria, yenu ninyi wawili hayana. Unaweza kuitwa mahakamani, ukaapishwa, ukatakiwa useme alichokuambia. Simu za mahabusu katika nchi nyingi hurekodiwa, na pale kituoni kwenyewe yule askari aliyeinamia daftari kama hana habari nanyi anasikia kila neno.

Muulize kama amekula, kama amelala, kama kuna mahali ameumia, kama amepewa dawa ya pumu. Mtazame mikono na uso. Ukiona alama, omba apelekwe kwa daktari, na uandike umeona nini na saa ngapi. Dawa ipeleke kwenye kasha lake lenye jina lake, pamoja na cheti cha daktari. Vidonge vya kufunga kwenye karatasi watakurudishia. Halafu mwambie kila atakapohojiwa ajibu hivi kwa heshima: "Nitazungumza wakili wangu akiwepo." Jina na anwani atoe. Asibishane na mtu.

Atakayekwambia kwamba kunyamaza ni kukiri, mwache aseme. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966, ibara ya 14, unasema mshtakiwa halazimishwi kujishuhudia mwenyewe wala kukiri kosa. Ibara ya 9 inataka mtu aelezwe sababu ya kukamatwa papo hapo, na anayeshikiliwa kwa tuhuma za jinai afikishwe upesi mbele ya hakimu. Saa zinazoruhusiwa hutofautiana nchi na nchi. Muulize wakili ni ngapi, na uzihesabu kuanzia alipokamatwa, si ulipofika wewe.

Mlikuwa mkinicheka kwamba ukarani wa mahakama ni kugonga mihuri. Basi katika hiyo mihuri nimepokea majalada ambayo kesi nzima imekaa kwenye ukurasa mmoja wa maelezo, mtu kayatia sahihi usiku wa manane kwa sababu alitaka tu kwenda kulala. Kaka yako asitie sahihi karatasi ambayo hajaisoma yote. Akitia, sahihi ikae chini ya neno la mwisho, na nafasi inayobaki aichore mstari mpaka mwisho wa ukurasa. Nimeliona jalada ambalo sahihi iko chini kabisa, na juu yake sentensi mbili zimebanwa kwa wino mwingine.

Sasa la kuniudhi. Wifi yako anasema umemwambia afute ujumbe kwenye simu ya pili ya kaka yako na kuificha. Nani kakufundisha hayo? Kuharibu ushahidi ni kosa peke yake, na hilo litakuwa lako wewe, si la kaka yako. Simu ibaki ilipo, isiguswe. Na yale uliyoandika kwenye kundi la ukoo, kwamba ameonewa na fedha zilichukuliwa na mshirika wake, ulikuwepo? Maneno hayo sasa yako kwenye simu za ukoo mzima, na yeyote anaweza kuyafikisha kwa mpelelezi. Mdomo, mwanangu. Shangazi zako wakiuliza, waambie tunatafuta wakili, basi. Na kama fedha za wakili hazipo, ulizia msaada wa kisheria mapema, siku hiyohiyo.

Sina shaka utafika kabla hawajabadilishana zamu, na utamuuliza mkuu wa zamu jina lake bila sauti kutetemeka. Hilo umerithi kwa mama yako, kwangu hukulipata. Andika jina la kituo, namba ya kumbukumbu, jina la mpelelezi na kosa analotuhumiwa.

Mtu akikupigia akijiita afisa, akataka utume fedha ili kaka yako atoke, kata simu. Matapeli huzisaka familia zilizo kwenye hali kama yenu. Fedha ya dhamana ina karatasi na ina stakabadhi. Ukiombwa ya mkononi, kumbuka kwamba mtoa rushwa naye hushtakiwa.

Dhamana ikipatikana, mdhamini nitakuwa mimi. Wewe una mkopo, usiweke sahihi. Mshtakiwa asipotokea mahakamani, mdhamini ndiye anayedaiwa, na huyu wetu alichelewa hata harusini kwake. Mimi nitamfuata mpaka kitandani.

Watoto wasiambiwe kwamba baba amesafiri. Watasikia shuleni kabla ya mapumziko, kisha hawatatuamini tena. Waambiwe yuko polisi, watu wazima wanashughulikia, na wao waende shule kama kawaida. Yule mdogo akikataa kulala peke yake, alale na mama yake, msianze kumfunza ujasiri wiki hii.

Ufunguo wa stoo wa kaka yako ninao mimi, msivunje kufuli. Fundi wa paa nilimwambia aje Jumatano. Mwambie asogeze mbele, ila malipo ya awali asirudishe, maana akirudisha hatarudi.

Baba yako